Gunzi la Kumchania Paka

Kila Septemba, upepo wa Ufipa unapokauka na jua la saa nne kuanza kuuma shingo, paka wangu hupukutika. Manyoya yake yanabaki kwenye kiti, kwenye khanga, kwenye soksi za mjukuu, na juzi nimeyakuta ndani ya Biblia. Hapo mimi huchukua gunzi kavu la mahindi, nikaketi barazani, nikamwita. Majirani zangu wa Chanji wananicheka. Mama mmoja wa Mbeya, aliyehamia hapa na mumewe mtumishi wa serikali, aliniletea brashi ya plastiki ya dukani. Nilimshukuru sana, nikaifanya ya kupigia viatu rangi.

"Bibi, mbona unamshika ngozi kwanza ndipo unamchana?" mjukuu wangu aliniuliza wiki iliyopita.

Nikamwambia paka huchanwa hivyo. Hilo si jibu, nalijua, lakini jibu lenyewe ni refu na yule mtoto alikuwa na njaa. Nitaliandika hapa, alisome akishiba.

Mama yangu alifariki mvua zilipoanza, miezi michache kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka minane hivi. Siku chache kabla hajashindwa kuinuka kitandani alinikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka kwa uzi mweusi, misuko kumi na mmoja, huku akilalamika kwamba kichwa changu hakitulii hata kwa dawa. Hakunisuka tena.

Kwetu, matanga yakianuliwa, wafiwa hunyolewa. Nywele ulizokuwa nazo wakati wa kilio zinaondoka na kilio. Siku hiyo walinyolewa wote, baba, shangazi, hata wajomba waliotoka mbali. Mimi niliingia ndani ya kihenge cha ulezi nikajifukia humo mpaka jioni, vumbi puani, nikiwasikia wakiniita. Nilipotoka, bibi mzaa mama alinitazama, akawaambia wale wenye wembe waniache. Watu walisema nimebaki na msiba kichwani. Walisema kweli. Niliutaka ubaki, maana katika vyote alivyovishika mama, misuko ile ndiyo pekee niliyoweza kutembea nayo.

Mvua zilipokwisha tukahamishwa. Paa lilishushwa, milango ikabebwa mabegani, kuku wakafungwa miguu, na katika siku mbili nyumba yetu ikawa mahame, kuta tupu zinazotazama juu. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, nyumba zote mstari mmoja, zimenyooka kama watoto wa shule. Kulikuwa na bomba la maji, na zahanati ilikuwa inajengwa, sitasema uongo kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Ila kaburi la mama lilibaki kule, nyuma ya nyumba isiyo na paa.

Juni ya mwaka huohuo baba akaoa.

Alimwoa mwanamke wa Kirando, ziwani, ambako alikuwa akienda kubadilisha mahindi kwa dagaa. Mwanamke huyo aliwahi kuolewa na kuachwa kwa sababu hakuzaa. Hayo niliyasikia kwa shangazi kabla sijamwona mwenyewe. Wengine walisema baba amefanya haraka. Mimi nilisema hivyo pia, moyoni, kila siku, mara nyingi kuliko nilivyosali.

Alishuka kwenye lori akiwa na tenga la dagaa, dumu la mawese, na tenga jingine dogo lililofungwa kwa kamba, ambalo lilikuwa likinung'unika. Ndani yake alikuwemo paka, kijivu, mwembamba, ana manyoya mafupi kama ya panya. Baba aliuliza kama huko ziwani watu huolewa na paka wao.

"Nyumba mpya haikosi panya," mwanamke yule akajibu. "Mnisubiri mimi ndiyo niwakamate?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliambiwa nimwite mama mdogo, na nikaazimia kutomwita chochote. Ukikaa na mtu nyumba moja bila kumwita jina lolote, utashangaa ni kazi kubwa kiasi gani. Nilikuwa nasimama mbele yake mpaka anione, ndipo niseme. Shikamoo nilimpa, kwa sababu baba alikuwa anasikiliza.

Baridi ya Julai iliwapiga wote wawili, yeye na paka wake. Yeye alijifunga khanga tatu na koti la zamani la baba, akakaa karibu na moto hadi miguu ikababuka. Paka alitumia akili zaidi, akaota manyoya. Kufikia Agosti alikuwa mnene kama mto wa kulalia, na watoto wa jirani walikuja kumwangalia. Panya kweli walipungua, na kwa hilo hata baba alimheshimu.

Katika wiki zile mimi nilikuwa mwalimu wake mkali. Alikuwa hajui mambo ya huku juu, nami nilifurahi sana kumkuta akikosea. Siku moja alifyeka nyasi za shamba letu jipya, akazikusanya, akazitia moto kama wafanyavyo kwao. Nilikuja mbio.

"Kwetu nyasi hazichomwi!" nilimfokea, mimi mtoto wa miaka minane. "Zinafukiwa. Mvua ikiiva tunazifunika kwa udongo, tunafanya tuta la mviringo, hilo ndilo ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani, na ulezi unakula."

Nilingoja kofi. Yeye alichukua tawi bichi akauzima moto, akasimama katikati ya moshi akikohoa.

"Kumbe," akasema. "Basi mvua ikiiva utanifundisha. Mimi nimezoea kuchoma tu."

Hilo liliniudhi kuliko kofi. Ukimchukia mtu, unamtaka akusaidie kidogo.

Septemba ikafika, na yule paka akaanza kupukutika. Sijui kama mmewahi kuona paka wa ziwani akivua baridi ya Ufipa aliyojivika mwezi mzima. Manyoya yalipepea mlangoni kama unga wa mashine. Yaliingia kwenye ugali, kwenye mboga, kwenye sweta ya baba ya kwendea kanisani. Paka alijilamba, akayameza, kisha akajikunja pembeni akakohoa na kutapika kidonge cha manyoya, na kila mara alichagua kiatu cha baba. Baba akasema yule mnyama arudishwe kwa lori lilelile.

Ndipo mama mdogo alipochukua gunzi. Alitoka uani mchana, kazi zikiisha, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akamweka paka mapajani. Kwanza hakufanya lolote. Alimwachia apumue, ajizungushe, achague mwenyewe upande wa kulala. Kisha akalishika gunzi kwa wepesi, akalipitisha mgongoni kufuata manyoya yanavyolala, kutoka shingoni kwenda mkiani, na meno yale makavu ya gunzi yakaokota manyoya yaliyokufa, na yaliyo hai yakaachwa. Akifika penye fundo, nyuma ya sikio au kwapani, aliweka gunzi chini. Alilowesha vidole kwa maji, akabana ngozi ya paka kwa mkono wa kushoto, pale chini kabisa yanapotokea manyoya, ndipo kwa mkono wa kulia akalifumua fundo kuanzia nje. Tumbo aliliacha la mwisho, na siku nyingine hakuligusa kabisa, kama paka alikuwa hataki. Akimaliza alikusanya manyoya yote, akayapeleka kwenye rundo letu la nyasi linalongoja mvua. Niliona hilo, nikajifanya sikuona.

Nilikuwa natazama kwa mbali kila siku, mgongo umeegemea ukuta, kitambaa kimefungwa kichwani. Chini ya kitambaa mambo hayakuwa mazuri. Misuko ya miezi tisa si misuko tena. Ilishikana, ikawa migumu kama mikia ya mbuzi, na nyuma ya masikio iliniwasha hadi nikashindwa kulala. Sikumwambia mtu.

Siku moja mama mdogo alikuwa bombani. Paka akaja akajilaza miguuni pangu, ana fundo kubwa shingoni, nami nikaona nitalitoa mwenyewe, nimwonyeshe mwanamke yule kwamba hakuna ujuzi wowote hapo. Nikalishika fundo nikavuta. Paka alipiga kelele ambayo ilisikika hadi kwa jirani, akanichana mkono kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Alama ninayo mpaka leo, imekuwa nyeupe.

Mama mdogo alinikuta nimeushika mkono, damu inatiririka. Nilijua nitagombezwa, na kwa kweli nilistahili. Alitua ndoo, akaniosha kwa maji ya chumvi, nikauma meno.

"Ananichukia," nikasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwambia jambo ambalo halikuwa amri.

"Hakuchukii. Umemvuta kwenye ngozi." Akaishika ngozi ya mkono wangu mwingine, taratibu, kwa vidole viwili. "Ukishika hapa chini, maumivu hayashuki. Yanaishia kwenye vidole vyako wewe. Usiposhika, unamng'oa."

Kisha akaenda kuchambua maharage.

Mambo yangechukua miaka kama si shule. Madarasa ya kijiji yaliezekwa mwezi huohuo, na Ijumaa ya kwanza mwalimu alitupanga mstari, akakagua kucha na vichwa. Alinifungua kitambaa mbele ya wote. Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka, na alikuwa na haki ya kusema alichosema: Jumatatu kila kichwa kiwe kimenyolewa, asiyenyolewa kwao atanyolewa palepale mstarini kwa mkasi wa shule. Nilikwenda nyumbani nimeshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi.

Habari zilinitangulia. Baba alikuwa mpole, lakini alikuwa amechoka kuambiwa na watu kwamba mwanawe ametembea na msiba tangu mvua zile hadi jua hili.

"Kesho nakunyoa," akasema, huku akiutafuta wembe. "Nimekubembeleza inatosha. Ukijificha nitakutoa, na huku hakuna kihenge kikubwa."

Sikulia. Tangu mama afariki sikuwa nimelia, na hilo pia watu walilisema.

"Niachie mimi," mama mdogo akasema.

"Nikuachie wewe? Hata jina hakuiti."

"Niachie mimi, baba. Ukishindwa na mimi nikashindwa, mwalimu yupo. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Baba akamtazama, akaurudisha wembe kwenye karatasi yake.

Jumamosi mchana aliketi kwenye kinu kama siku zote, paka mapajani, gunzi mkononi. Hakuniita, wala hakunitazama. Ningemchukia kabisa kama angeniita. Mimi nilikuwa ndani nimeshika kichanuo cha mama, cha mti, ambacho nilikificha tangu tulipohama kwenye mfuko wa mbegu za ulezi. Kilikuwa na jino moja lililokatika, na katikati ya meno kulikuwa bado na nywele zake mbili au tatu. Nilikaa nacho muda mrefu. Hesabu yangu ilikuwa ndogo na chungu: misuko ya mama itaondoka, leo au Jumatatu. Kilichobaki ni mkono wa nani.

Nilitoka nikasimama mbele yake.

"Nimekuletea cha kumchania paka," nikasema, nikamnyooshea kichanuo.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza, akaliona lile pengo, akaziona zile nywele. Nilijua amejua.

"Hiki si cha paka," akasema polepole. "Hiki ni cha mtu."

Akamshusha paka chini. Akaikung'uta khanga manyoya, akapanua magoti kidogo, akangoja. Aliningoja kama alivyomngoja paka ajizungushe. Nami nikageuka, nikakaa.

Alipaka mawese kwanza, mawese ya kwao, mekundu, yenye harufu ya jikoni, na akaniachia yaingie. Kisha nikahisi mkono wake wa kushoto ukishuka kwenye msuko wa kwanza, nyuma ya sikio, ukaubana chini kabisa, kwenye kichwa, kabla ule wa kulia haujagusa kitu. Nilikuwa nimekaza mwili wote kungojea maumivu, na maumivu hayakuja, yaliishia kwenye vidole vyake. Nilisikia uzi ukilegea. Aliutoa mzima, akaunyoosha, akauzungusha kwenye gunzi lilelile.

Ilichukua mchana wote. Paka alirudi akalala juu ya miguu yangu, na manyoya yake yakanishika kwenye mafuta yaliyonidondokea. Mama mdogo hakuniuliza kuhusu mama, wala hakunifariji. Alisema tu, kila alipomaliza, "Wa tano huu," "Wa tisa." Alipofika wa kumi na moja alikaa kidogo bila kuufungua.

"Huu nikuachie hadi kesho?"

"Toa tu," nikamwambia.

Nyuzi zote kumi na moja alinipa, zimezungushwa kwenye gunzi, nyeusi bado. Nywele zilikuwa zimekufa, hazikuchanika, akazikata kwa mkasi karibu na ngozi, vidonda vya nyuma ya masikio akavipaka mafuta. Nywele alizifunga kwenye kipande cha khanga yake. Nilidhani atazitupa motoni. Watu wengi hufanya hivyo, mtu mwingine asiziokote.

Jumatatu mwalimu alipita mstarini, akatazama kichwa changu, akapita. Lakini kabla ya Jumatatu ilikuwepo Jumapili, na hiyo ndiyo ninayoishukuru mpaka leo.

Baada ya ibada mama mdogo alichukua kikapu na panga, akaniambia twende kuni. Kuni zilikuwepo tele upande wa mtoni, ila yeye akashika njia ya kwetu kwa zamani. Siku zile ukionekana unaelekea mahame, watu walidhani unatoroka kijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi alitusimamisha njia panda.

"Mama, safari ya wapi?"

"Shikamoo, baba balozi. Kuni."

"Kuni huko?"

"Mimi mtu wa ziwani, sijui bado kuni zenu ziko wapi. Mtoto ndiye ananionyesha."

Balozi alitazama kichwa changu kilichong'aa mafuta, akatupisha. Nadhani alielewa. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, nilifikiri kweli amepotea njia, na nikamwacha apotee.

Tulipofika, kuta zilikuwa zimeanza kumeguka. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, zimekauka. Aliniuliza ni wapi, nikamwonyesha. Akafyeka kaburi lote kwa panga, na zile nyasi hakuzichoma, alizilaza pembeni. Kisha akachimba kishimo upande wa kichwa, akatoa kile kipande cha khanga kwenye kikapu.

"Kwetu nywele ningezichoma," akaniambia. "Lakini wewe ulinifundisha. Huku kilichokufa hakichomwi, kinafukiwa, na kilicho hai kinakula."

Akanipa nizifukie mwenyewe. Nilifukia, nikakusanya udongo juu yake kwa viganja, tuta dogo la mviringo.

Sikumwita mama siku ile, msinifikirie vizuri kupita kiasi. Nilimwita karibu miaka miwili baadaye, kwa kusahau, nikitaka chumvi, na yeye akanipa chumvi bila kugeuka. Kumshukuru nilimshukuru mara moja tu katika maisha yake, nikiwa nimeshaolewa, naye akaniambia nisimcheleweshe, maharage yanaungua. Kwa hiyo naendelea kumshukuru hivi, kila Septemba, mapajani paka, mkononi gunzi.

Siku ile, mimi nilipomaliza kulipigapiga lile tuta, yeye alipiga magoti kando yangu. Alijifunga khanga vizuri kama mtu anayeingia ugenini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema. "Ni mimi niliyekuja nyumbani kwako. Mtoto nimemfumua jana. Nywele zako nimekurudishia zote, na nyuzi anazo mwenyewe. Alikaa vizuri, hakutikisika."

Hapo ndipo kilio cha miezi tisa kiliponitoka, kwa sauti, kamasi na yote, hadi ndege waliokuwa ukutani wakaruka. Hakuniambia ninyamaze. Aliuweka mkono wake wa kushoto kisogoni pangu, chini kabisa pale nywele zinapoanzia, akashikilia mpaka nilipomaliza.